KABLA YA KUINUA SUZUKI YAKO

Mkulima wa skimu anayetaka kupeleka Suzuki Jimny yake kwa mafundi wa Kariobangi, Nairobi, iinuliwe kwa ajili ya matope, yafaa ajue jambo hili. Springi ndefu huinua bodi tu. Difu, ambalo ndilo hukwama, hubaki pale pale. Difu huinuliwa na matairi. Jimny ya lita 1.3 iliyotoka 1998 ina matairi yenye kimo cha inchi 26 hivi. Ukitia ya inchi 30, difu hupanda inchi 2, lakini injini huelemewa mlimani mpaka gia nazo zibadilishwe, na hizo ni fedha nyingi.

Hakikisha fundi amerefusha mipira ya breki. Ikivutika hukatika, nawe uko mteremkoni na maziwa.

Kwanza jaribu matairi ya matope ya kimo kile kile, na penye tope punguza upepo hadi paundi 18. Ujaze tena kabla ya kuingia lami.