Majeruhi si gunia la mahindi: tupige simu kabla ya kumbeba

Kila anayevuka Rusumo anajua kuwa hapo ndipo magari hubadili upande: Tanzania hupita kushoto, Rwanda hupita kulia. Malori, pikipiki na waenda kwa miguu hukutana hapo, na ajali si jambo geni kwa watu wa barabarani.

Sisi tuliokulia ukimbizini Karagwe tulizoea jambo moja: mtu akigongwa, hutupwa juu ya gari la kwanza linalopita, mbio hospitalini. Wakati ule hapakuwa na njia nyingine. Tuliporudi nyumbani, desturi hiyo tulivuka nayo mpaka pamoja na vyombo vyetu. Lakini ndugu msomaji, mambo yamebadilika.

Mwaka 2007 Rwanda ilianzisha SAMU, huduma ya dharura inayoitwa kwa kupiga 912 bila malipo. Ndani ya gari lake hayumo dereva peke yake. Wamo pia muuguzi na mtaalamu wa nusukaputi. Hao huzuia damu, hufungua njia ya hewa, hutoa oksijeni, hutundika dripu na kufunga mfupa uliovunjika usitikisike. Matibabu huanza barabarani, wala hayangoji mlango wa hospitali. Upande wa Tanzania, mjamzito au mzazi aliyepatwa na dharura huombewa usafiri kwa 115, namba ya mpango wa m-mama, unaotumia hata madereva wa kijijini pale ambulensi inapokosekana.

Wapo watakaosema: gari liko mbali, mtu atakufa tukingoja. Hoja hiyo ina uzito, kwani damu ikitoka kwa nguvu huua kwa dakika chache. Ndiyo maana sisi tuliopo hapo ndio msaada wa kwanza. Mmoja apige simu, aeleze mahali, idadi ya majeruhi na hali zao, kisha afuate maelekezo. Mwingine abonyeze jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu. Aliyeumia shingo au mgongo asinyanyuliwe, ila kama moto au magari yanamtishia. Asinyweshwe maji wala soda.

Darasani kwangu namba 912 imeandikwa juu ya ubao. Mfanyabiashara mwenye laini ya Tanzania amwombe mwenzake mwenye laini ya Rwanda apige. Tarakimu tatu tu. Tusianze kuzitafuta siku ya msiba.