Je, Wajua? Zinki, Siki na Bolti za Gari la Kikale

Je, wajua kwamba bolti iliyoshikwa na kutu kwenye gari la mwaka 1960 inaweza kuvishwa zinki upya ndani ya ndoo ya plastiki, kwa kutumia siki ya kupikia, chumvi ya haluli, sukari kidogo na chaja ya betri? Wanaofufua magari ya kikale hufanya hivyo katika mabanda ya nyumbani. Kwanza huacha kipande cha zinki ndani ya siki usiku kucha ili kiyeyuke kidogo. Chumvi husaidia umeme kupita, na sukari, kwa ushuhuda wa wengi wanaoitumia, hufanya utando utoke laini. Waya chanya hufungwa kwenye zinki, waya hasi kwenye bolti. Ukizigeuza, itakayoliwa ni bolti yenyewe.

Kwa nini mtu asiende tu dukani? Chukua Land Rover za Series, ambazo kwa miaka mingi zilipita barabara za vumbi na tope za Afrika Mashariki. Za kwanza kabisa, zilizotoka mwaka 1948, zilifungwa kwa bolti za vipimo vya Kiingereza, ambavyo chanzo chake ni kazi ya mhandisi Joseph Whitworth ya mwaka 1841. Tredi za mtindo huo zimechongwa kwa pembe ya nyuzi 55, na za metriki zilizojaa madukani leo ni za nyuzi 60. Nati ya leo ukiilazimisha kwenye bolti ya wakati ule itashika mizunguko michache, kisha tredi zife. Tena bolti nyingi za zamani zina alama ya kiwanda kichwani, na alama hiyo ni sehemu ya historia ya gari. Katika mashindano kama Africa Concours d'Elegance ya Ngong Racecourse, Nairobi, majaji hukagua gari kuanzia rangi hadi chumba cha injini. Kwa hiyo naona ni hasara kubwa kutupa bolti ya asili yenye kutu ya juu juu.

Rangi huzuia maji yasikifikie chuma, na kazi yake inaishia hapo. Zinki hukilinda chuma hata baada ya kukwaruzwa. Huachia elektroni zake kwa wepesi kuliko chuma, hivyo spana ikiichuna bolti mpaka chuma kikaonekana, zinki iliyo kandokando ndiyo inayoliwa kwanza. Mwanasayansi wa Uingereza Humphry Davy alilijua jambo hili mapema. Mwaka 1824 alipendekeza vipande vya zinki au chuma vifungwe kwenye shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita, ili viliwe badala ya shaba. Shaba iliacha kuliwa kweli, lakini mwani na viumbe wa baharini wakaanza kujazana juu yake na kuipunguzia meli mwendo, maana ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo iliyokuwa ikiwaua.

Mabati ya paa zetu yana ukoo huo huo. Mhandisi Stanislas Sorel alipata hataza yake nchini Ufaransa mwaka 1837, ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 419 za Selsiasi. Tofauti ni kwamba kuchovya huacha ganda nene linaloziba tredi ndogo. Umeme huweka utando mwembamba unaoweza kupimwa.

Na hupimwa kwa hesabu iliyonyooka. Mwanasayansi Michael Faraday alionyesha katika miaka ya 1833 na 1834 kwamba uzito wa metali inayowekwa hutegemea kiasi cha umeme kilichopita. Ampia 1 ikipita kwa saa 1 haiwezi kuweka zaidi ya gramu 1.22 za zinki. Zitandaze gramu hizo juu ya eneo la sentimita 10 kwa 10 utapata unene wa takriban mikromita 17, na bolti ya kawaida ya gari huhitaji kama mikromita 8 tu. Ukizidisha, nati itakataa kuingia: kwenye tredi za nyuzi 60, kila mikromita 1 ya utando hunenepesha kipenyo cha tredi kwa mikromita 4.

Pupa ndiyo adui mkubwa hapa. Umeme ukizidi, zinki hutoka nyeusi, yenye vinyweleo kama sifongo, na hufutika kwa kidole. Chaja ya betri peke yake hutoa umeme mwingi mno kwa bolti moja, ndiyo maana wengi hupitisha waya mmoja kwenye globu ya gari. Globu ya wati 5 hairuhusu zaidi ya ampia 0.4 hivi kupita. Umeme pia hupendelea njia fupi: upande wa bolti unaotazama kipande cha zinki hunenepa, upande wa nyuma hukosa, na tundu lenye kina halipati karibu chochote. Dawa ni kuigeuzageuza bolti, au kuizungushia zinki pande zote.

Wenye uzoefu watakuambia kwamba kazi kubwa ni usafi. Grisi iondoke, kutu iondoke, kisha kipande kisishikwe kwa mkono mtupu, kwa kuwa mafuta ya kidole yanatosha kuizuia zinki isishike. Kuna kipimo kizuri kisichohitaji chombo chochote: mwagia maji. Yakitandaa na kukifunika kipande chote, kimetakata. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, rudia kuosha.

Je, wajua kwamba rangi ya dhahabu yenye mng'ao wa upinde wa mvua, unayoiona kwenye bolti na vifaa vya kabureta vya magari ya zamani, si rangi ya zinki? Zinki yenyewe ni ya kijivu. Dhahabu ile ilitokana na kuchovya kipande katika kemikali za kromiamu heksavalenti, ambazo huchelewesha ile kutu nyeupe inayoila zinki yenyewe. Kemikali hizo husababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulizizuia kwenye magari mapya kuanzia Julai 2007, na viwanda vikahamia kwenye kromiamu trivalenti, ambayo ni salama zaidi. Usikubali kuuziwa ile ya zamani kwa sababu tu rangi yake inafanana na ya asili.

Sio bolti zote za kikale zilizovishwa zinki. Baadhi zilivishwa kadimiamu, metali yenye sumu. Kwa hiyo usiisugue bolti ya zamani usiyoijua asili yake kwa brashi ya mashine, wala usiichome kwa moto.

Moshi wa zinki nao si wa kuchezea. Anayechomelea mabati bila kuusafisha kwanza utando hupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Wachomeleaji wengi huamini kwamba maziwa huwakinga. Maziwa huenda tumboni, na moshi umeingia mapafuni. Kinachosaidia ni kuiondoa zinki mahali pa kuchomelea, kufanya kazi penye hewa na kuvaa barakoa inayofaa.

Tochi yako ina zinki pia. Gamba la betri ya kawaida, ile ya bei nafuu, ni la zinki, na huliwa kila unapowasha. Betri kuukuu huvuja kwa sababu gamba limetoboka. Lakini usiipasue ili upate zinki ya ndooni. Ndani yake mna uchafu utakaoharibu kazi. Na ndoo ikichoka, usiimwage mtaroni, maana zinki iliyoyeyuka huua samaki.

Jambo zito kuliko yote halionekani kwa macho. Mwezi Machi 2013, kwenye daraja la Bay linalounganisha San Francisco na Oakland, Marekani, bolti ndefu 32 kati ya 96 zilizovishwa zinki zilikatika ndani ya wiki mbili hivi baada ya kukazwa. Chanzo kilikuwa haidrojeni, iliyopenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Zile zilichovywa, tena zilikaa miaka kadhaa kwenye matundu yaliyotuamisha maji. Ndooni kwako haidrojeni huzalishwa na tindikali na umeme papo hapo. Chuma laini huivumilia, chuma kigumu hakiivumilii. Viwanda huzioka bolti ngumu kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 190 hadi 220 mara tu zinapotoka kwenye zinki, ili haidrojeni itoke.

Basi ndoo yako iwe ya vishikizo, wosha, bawaba na bolti za bodi. Springi, bolti za breki, za usukani, za mikanda ya usalama, na kila bolti ya chuma kigumu yenye namba 10.9 au 12.9 kichwani, usizitie humo. Nunua mpya za daraja lile lile, au zipeleke kwa kiwanda chenye tanuri.