Kasi ya Risasi na Shinikizo Lisiloonekana

Mtu ajazaye risasi zake mwenyewe nyumbani, kama wafanyavyo wawindaji wengi wa Marekani, hushughulika na jambo asiloweza kuliona wala kulishika, nalo ni shinikizo la gesi ndani ya chemba ya bunduki, ambalo hupanda na kushuka kabla hata sekunde haijaanza kuhesabika. Kwa risasi ya .30-06, iliyopokewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1906, kikomo walichokubaliana wenye viwanda ni paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba, na mjazaji wa nyumbani aghalabu hana chombo cha kulipima.

Basi wengi huokota ganda lililorushwa na kulichungua. Fataki ikiwa imebabataa hata kingo zake zikapotea, bolti ikiwa nzito kuinuka, na kitako cha ganda kikiwa na doa ling'aalo pale shaba iliposukumwa ndani ya tundu la kipini kirushacho ganda, hukata shauri kwamba baruti imezidi. Dalili hizo ni za kweli, walakini huchelewa. Kwani shaba njema ni stahimilivu, na mara nyingi haitoi ishara illa kikomo kimekwisha kupitwa zamani, ilhali fataki laini huweza kubabataa kwa baruti ya kadiri tu. Ganda safi, kwa hiyo, si ithibati ya usalama.

Shahidi aliye bora ni kasi. Kichwa cha risasi hupata mwendo wake kwa shinikizo linalokisukuma tangu chembani mpaka mdomo wa mtutu, na mwendo wa ziada haupatikani bure. Kitabu cha kiwanda cha baruti kikitaja futi 2,700 kwa sekunde kuwa ndio upeo wa kichwa cha greni 180, na kronografu yako, yaani chombo cha kupimia kasi, ikaonyesha 2,850 kwa baruti ile ile na mtutu wa urefu ule ule, umevuka mpaka, hata kama mizani inakwambia kwamba baruti uliyotia ni pungufu ya ile ya kitabuni. Huenda chemba yako ni ya kubana, au ganda lako ni nene na nafasi yake ndani ni ndogo. Na kinyume chake, mtutu ulio mzito wa mwendo usilazimishwe kwa kuongezwa baruti kupita kiasi kilichoandikwa. Kati ya vikomo viwili hivi, uzito na kasi, kinachotangulia kufikiwa ndicho cha kutiiwa.

Joto nalo lina hukumu yake. Waingereza walilijua hilo Afrika na Bara Hindi, ambako kodaiti, baruti yao ya zama hizo, ilizidisha shinikizo kwa jua kali mpaka maganda yakakwama chembani, balaa kubwa kwa mtu aliyesimama mbele ya nyati. Na ndiyo maana risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda kubwa, ili kichwa cha greni 410 kipate mwendo wa kutosha kwa shinikizo la chini. Baruti nyingi za leo ni tulivu zaidi, lakini kipimo kilichopatikana asubuhi ya baridi hakina budi kuachiwa nafasi ya adhuhuri, na risasi zilizolala juani ndani ya gari zisitiwe chembani mpaka zipoe.