MPANGO WA MTAA: JINSI OMBI LETU LINAVYOFIKA KWENYE PESA ZA SABUKAUNTI

Ndugu wakimbizi, na ninyi majirani zetu wenyeji,

Mwaka jana mtaa wetu tuliomba kalavati kwenye kijito ambacho watoto huvuka kwenda shule. Barua tuliipeleka sabukaunti mwezi wa tano. Tulijibiwa kwa upole kwamba bajeti imekwisha kupangwa. Mvua iliporudi, akina mama waliwabeba watoto mgongoni kuvuka, na siku nyingine watoto walibaki nyumbani. Sisi wenyewe tulichelewa, kwa sababu hatukujua utaratibu. Ni huu ufuatao.

Nani anapanga?
Sheria ya serikali za mitaa ya Uganda ya mwaka 1997 inaagiza kila sabukaunti (LC3) itengeneze mpango wake wa maendeleo. Wilaya (LC5) nayo hutengeneza wake, ikiingiza mipango iliyotoka chini. Mahitaji ya wenyeji huanzia kijijini (LC1), hupita parishi (LC2), kisha hufika sabukaunti.

Sisi wakimbizi hatupigi kura katika LC. Tunayo mabaraza yetu ya RWC, yaliyoundwa kwa mfano huo: RWC1 kwa kijiji au bloki, RWC2 kwa eneo, na RWC3 kwa kambi nzima. Ombi letu hupita huko, likafika kwa kamanda wa kambi wa Ofisi ya Waziri Mkuu na kwa viongozi wa sabukaunti.

Pesa zinatoka wapi?
Kwanza, serikali kuu huzipa wilaya na sabukaunti ruzuku. Hizo ndizo nyingi, lakini sehemu kubwa imekwisha kupangiwa kazi, kama shule, afya na barabara.

Pili, kuna mapato ya hapa hapa, kama ushuru wa soko na leseni. Ukiwa na kibanda na unalipa ushuru, pesa yako imo. Tuchukue mfano wa sabukaunti iliyokusanya shilingi 10,000,000. Asilimia 35, yaani 3,500,000, huenda wilayani. Zinabaki 6,500,000. Katika hizo, asilimia 25 ni ya vijiji, yaani 1,625,000; parishi hupata asilimia 5 na kaunti asilimia 5. Kama vijiji ni 20 na vikigawana sawa, kila kimoja kinapata 81,250. Kiasi hicho hakijengi kalavati. Ndiyo maana ombi kubwa lazima liingie katika mpango wa sabukaunti au wa wilaya.

Tatu, kuna mashirika. Nchini Uganda msaada wa wakimbizi hupangwa ili asilimia 30 iwafae wenyeji. Kwa hiyo kisima, shule au daraja linalotumiwa na pande zote mbili lina nguvu kuliko ombi la upande mmoja. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ni wakati gani?
Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Lakini mikutano ya bajeti ya wilaya hufanyika miezi mingi kabla, kwa kawaida Oktoba na Novemba. Anayeleta barua mwezi wa tano anakuta meza imekwisha kufungwa.

Tufanye nini?
1. Tukutane mwezi wa nane, wazee, akina mama, vijana na walemavu, pamoja na mwenyekiti wa LC1 wa jirani.
2. Tuchague mahitaji matatu tu, tuyapange kwa uzito.
3. Kwa kila moja tuandike: ni mahali gani, watu wangapi watafaidika, wenyeji wangapi, na sisi tutatoa nini, kwa mfano mchanga, mawe au nguvu zetu.
4. Tumwombe ofisa wa maendeleo ya jamii wa sabukaunti atusaidie kuandika. Hiyo ni kazi yake.
5. Tupeleke nakala kwa RWC3, kwa kamanda na kwa sabukaunti. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na tuitunze.
6. Tuchague watu wawili wa kufuatilia jibu.

Kuandikwa katika mpango hakuhakikishi pesa. Mahitaji ni mengi kuliko mfuko. Lakini jambo ambalo halikuandikwa halijadiliwi kabisa.

Asiyejua kuandika asione haya. Aje kwetu wafanyakazi wa jamii, tutaandika pamoja.