SUGUA, LAKINI USIJICHUBUE!

Mwezi wa saba Dodoma, wewe mwenyewe unaujua. Asubuhi baridi, mchana upepo na vumbi, na mvua tumeshaiaga mpaka Desemba. Umeoga vizuri, umevaa sare, lakini ukifika mstarini miguu imeshapauka kama umetoka kufyatua matofali. Ukijikuna kidogo tu, mstari mweupe huo! Mtu nyuma yako anacheka: "Mwenzetu, leo mafuta yameisha?" Jioni unachukua dodoki na kujisugua kwa hasira mpaka mwili unawaka.

Ngoja kwanza. Kabla hujaendelea, hebu tuone ngozi yenyewe inafanyaje kazi.

Ngozi inajivua yenyewe

Chini ya ngozi ya juu, seli mpya zinazaliwa kila siku. Zinapanda polepole, na zikifika juu zinakuwa zimeshakufa: ni bapa, ngumu, zimepangana kama matofali ya ukuta. Katikati yake kuna mafuta ya asili, na hayo ndiyo saruji. Ukuta huu unazuia maji ya mwili yasitoke ovyo na vijidudu visiingie. Safari ya seli kutoka chini mpaka kudondoka huchukua kama wiki 4. Kwa hiyo hata usiposugua, ngozi inajivua.

Sasa, tatizo la kwetu ni ukavu. Ili seli zilizokufa ziachane moja moja, ngozi inahitaji unyevu. Wakati wa kiangazi hewa ya uwanda wa kati ni kavu mno. Seli haziachani, zinang'ang'aniana na kubaki juu kama magamba madogo. Weupe unaouona ndio huo. Si lazima uwe uchafu, na wala haina maana kwamba hujaoga!

Ukisugua kwa nguvu, unabomoa matofali pamoja na saruji yake. Maji yanazidi kutoka, kesho unapauka zaidi, na wewe unasugua zaidi. Hapo ndipo wengi tunapokosea.

Kusugua kwa akili

Kusugua si jambo geni wala la kuiga kwenye simu. Watu wa pwani wamesaga liwa kwenye jiwe na kujipaka tangu zamani, na kule Zanzibar bibi harusi husuguliwa singo yenye maua ya kunukia. Lakini singo ni laini. Si msasa!

Fanya hivi:

1. Lowanisha mwili kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu. Maji ya moto sana yanaondoa mafuta ya ngozi.

2. Tumia dodoki lililolainika au kitambaa laini. Zungusha polepole, bila kukandamiza. Ikiuma, umezidisha.

3. Mara 1 kwa wiki inatosha, na isizidi 2. Siku nyingine oga tu kwa sabuni ya kuogea. Sabuni ya kufulia iachie nguo.

4. Jisuuze vizuri, hasa kama maji ya kisima chenu yana chumvi na sabuni haitoi povu. Mabaki ya sabuni yanakausha ngozi.

5. Jifute kwa kugusagusa na taulo. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka mafuta mara moja. Hapa ndipo penye siri: mafuta yanafungia maji ndani.

Mafuta gani? Huhitaji ya bei kubwa. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanafaa sana. Hata mafuta ya alizeti yanayokamuliwa hapa Dodoma na kwa jirani zetu Singida yanafaa, maana yana aina ya mafuta ambayo ngozi huitumia kujenga ule ukuta. Ila yawe masafi, siyo yaliyokaangia maandazi!

Dodoki lako lisuuze na ulianike juani. Likikaa bichi bafuni, vijidudu vinazaliana. Na usimwazime mtu, hata kama ni rafiki yako wa bweni moja.

Uso na magaga

Ngozi ya uso ni laini kuliko ya miguu, kwa hiyo vidole na kitambaa laini vinatosha. Kama una chunusi, usizisugue kabisa. Chunusi hazitokani na uchafu. Zinakuja kwa sababu homoni za ujana zinaongeza mafuta kwenye vinyweleo na kuviziba. Ukizisugua zinavimba, na kwenye ngozi yetu nyeusi kila palipovimba panaweza kubaki doa jeusi kwa miezi.

Magaga ya miguu ni kesi nyingine, maana ngozi ya kisigino ni nene. Loweka miguu dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa jiwe la miguu, paka mafuta mazito, kisha vaa soksi ulale nazo. Wembe usitumie! Na kama nyufa zinatoa damu, acha jiwe, nenda zahanati.

Kweli au uongo?

"Ndimu inang'arisha uso." UONGO. Maji ya ndimu yakikutana na jua yanaweza kukuunguza na kuacha madoa.

"Chumvi au mchanga vinasafisha zaidi." UONGO. Chembe zake zinachana ngozi.

"Ukijisugua sana utakuwa mweupe." UONGO MKUBWA. Rangi yako inatengenezwa chini, dodoki lisikofika. Kusugua kila siku kunaweza hata kukufanya uwe mweusi zaidi kwenye viwiko, magoti na vifundo vya vidole.

Tofauti iko hapa

Sasa tuseme ukweli. Wengine wanaanza na dodoki kwa sababu ya kupauka, wanachekwa, halafu mtu anawanong'oneza: "Kuna krimu moja hiyo, wiki mbili tu!" Hapo si kusugua tena. Hapo ni kujichubua.

Mkorogo mara nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za steroidi. Zebaki inaweza kuharibu figo. Steroidi zinafanya ngozi iwe nyembamba, ipasuke michirizi, na vidonda vichelewe kupona. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha madoa ya bluu-nyeusi ambayo ni vigumu sana kuyatoa. Vipodozi vyenye sumu hizi vimepigwa marufuku Tanzania. Kazi ya kuvisimamia ilikuwa ya TFDA, na tangu 2019 iko chini ya TBS. Lakini bado vinauzwa kwa siri, vingine bila hata lebo.

Weusi wako una kazi. Ni mwavuli unaokukinga na jua hili kali. Waulize wenzetu wenye ualbino, ambao wanalazimika kuvaa kofia na mikono mirefu na kupaka losheni ya kuzuia jua, kwa sababu mwavuli huo hawana. Wewe uliopewa, utauchana kwa mikono yako?

Kama umeshaanza kutumia mkorogo, usione aibu. Mwone nesi au daktari umweleze yote, na ubebe kopo lake. Kama umeutumia muda mrefu, usiache ghafla peke yako, maana ngozi inaweza kuwaka na kuvimba. Yeye atakuelekeza namna ya kuacha.

Na kesho mstarini mwenzako akiwa amepauka, usimcheke. Mgawie mafuta.