Mgonjwa wa Figo na Kibuyu cha Mursik

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, anayelalamika mifupa huongezewa maziwa. Mzee huletewa kibuyu cha mursik, mama humiminiwa kikombe kingine cha chai ya maziwa, na wote huambiwa waote jua. Kwa mwenye figo nzima, ushauri huo hauna ubaya. Kwa anayesafishwa damu kwa mashine, unaweza kumzidishia ugonjwa ule ule anaotaka kuupunguza.

Figo tunazijua kwa kutoa maji na taka, lakini pia hutoa fosforasi iliyozidi na kuikamilisha vitamini D. Jua huianzisha vitamini hiyo kwenye ngozi, ini huiendeleza, na figo ndizo huipa nguvu ya kuusaidia utumbo kunyonya kalsiamu. Figo zikishindwa, mtu anaweza kushinda juani kutwa na kalsiamu ya damu ikabaki chini, huku fosforasi ikijaa. Hapo tezi nne ndogo zilizo shingoni, ziitwazo parathairoidi, humwaga homoni inayochota kalsiamu mifupani. Hali hiyo ikidumu miaka, mfupa hudhoofika, na kalsiamu iliyokosa makao huganda kwenye mishipa ya damu na vali za moyo. Kwa hiyo tunapozungumzia mifupa ya mgonjwa wa figo, tunazungumzia pia moyo wake.

Tupige hesabu. Mlo wa mtu mzima huwa na miligramu 1,000 hivi za fosforasi kwa siku, na kama asilimia 60 huingia mwilini. Kwa wiki ni miligramu 4,200. Saa nne za mashine huondoa 800 hadi 1,000. Kwingi Ulaya na Marekani mgonjwa husafishwa mara tatu kwa wiki. Kwetu, tangu enzi za bima ya afya ya NHIF, wengi wamezoea mara mbili, awe anatibiwa hospitali ya rufaa ya Kericho, Longisa au Tenwek. Mara mbili haiondoi hata nusu ya kinachoingia, na nusu lita ya maziwa peke yake ina miligramu 450 hivi.

Ndiyo sababu daktari huandika vidonge vya kunasa fosforasi, mara nyingi kalsiamu kaboneti. Hivi humezwa pamoja na chakula, kwa sababu kazi yao ni kuinasa fosforasi tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Nimeona wagonjwa wengi wakivimeza asubuhi na mapema, tumbo tupu, pamoja na dawa za presha. Vikimezwa hivyo havinasi kitu; vinaongeza kalsiamu tu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni misuli, maana haiumi inapopungua. Katika kila kipindi cha mashine mgonjwa hupoteza gramu 6 hadi 12 za asidi amino, vijenzi vya protini. Ongeza asidi inayorundikana kwenye damu, hamu ya chakula inayopotea, na siku nzima za kulala kwa sababu jamaa wamesema, "Pumzika, wewe ni mgonjwa." Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kila siku. Akisikia maziwa yana madhara akaacha pia nyama na mayai, akabaki na ugali na mboga, atakonda misuli. Ute wa yai ungemfaa sana: una protini nzuri na karibu hauna fosforasi. Nyama au samaki wabichi waliopikwa nyumbani pia wanafaa. Soseji na soda za kola ziachwe, kwa kuwa fosforasi inayoongezwa kiwandani hunyonywa karibu yote.

Kuna kipimo rahisi cha nyumbani. Mgonjwa akae kwenye kiti imara, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano, mtu akiwa karibu naye. Akizidisha sekunde 15, miguu imeanza kuishiwa nguvu. Kwenye miteremko yetu yenye utelezi karibu mwaka mzima, miguu dhaifu na mifupa dhaifu vikikutana, nyonga huvunjika kirahisi.

Dawa yake ni kutembea. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa matembezi mafupi ya nyumbani, dakika kumi mara mbili, katika siku wasizokwenda kwenye mashine. Baada ya miezi sita walikuwa wakitembea mbali zaidi na kusimama kitini upesi zaidi. Kwetu njia ya kwenda kituo cha kununulia majani chai inatosha, mradi daktari ameridhia na moyo hauna tatizo. Kikapu kilichojaa abebe mtu mwingine, na kamba ya kikapu chochote isipite kamwe kwenye mkono wa mgonjwa wenye mshipa unaounganishwa na mashine.

Kliniki ijayo, omba usomewe majibu ya fosforasi, kalsiamu na homoni ya parathairoidi. Miongozo ya kimataifa inataka mbili za kwanza zipimwe kila mwezi hadi miezi mitatu, na homoni kila miezi mitatu hadi sita. Kama hiyo ya tatu haijawahi kupimwa, uliza inapimwa wapi.