Kombi Iliyofufuliwa: Lipia Kazi, Usilipie Kumbukumbu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kununua gari lililopigwa rangi wiki iliyopita. Katika soko la magari ya zamani la Johannesburg, kizuri na kibaya vyote hujitembeza vikiwa vimevaa sare moja: kombi ya Volkswagen ya miaka ya 1970, juu nyeupe, chini rangi ya chungwa, paa limeinuliwa, pazia za drafti madirishani, jiko la gesi linang'aa, na chini ya picha maneno kwamba gari limefufuliwa kabisa. Bei inayotajwa wakati mwingine inatosha kununua gari dogo jipya lenye dhamana ya kiwanda. Hoja ya makala haya ni kwamba bei ya namna hiyo inaweza kuwa halali, kwa sharti moja: iwe malipo ya kazi ambayo muuzaji anaweza kuithibitisha. Kinachozidi hapo ni malipo ya kumbukumbu, na kumbukumbu za watu wengine ni bidhaa ghali isiyo na spea.

Utetezi wa kwanza wa muuzaji huwa ni uadimu. Una ukweli, lakini si kwa kila kombi. Wazo la gari hili linatokana na Ben Pon, mfanyabiashara wa Kiholanzi aliyelichora kwenye daftari lake mwaka 1947. Uzalishaji ulianza Ujerumani mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuligeuza chumba cha safari. Mwaka huohuo wa 1951, mwezi Agosti, kiwanda cha Uitenhage, mji wa Afrika Kusini ambao tangu 2021 unaitwa Kariega, kilitoa Volkswagen yake ya kwanza, ile ndogo yenye mgongo wa kobe, na kombi zikafuata ndani ya muongo huo. Waafrika Kusini hawakuishia kuunganisha vipande vilivyotoka Ujerumani. Katika miaka ya 1970 watengeneza karavani wa Jurgens walijenga Autovilla, kombi iliyobakizwa sehemu ya dereva tu na kuwekewa chumba kizima nyuma, na ni wazo hilo ambalo kampuni ya Karmann ililichukua na kulijenga Ujerumani. Kizazi cha tatu, kile chenye umbo la sanduku kilichoanza 1979, Ulaya ilikiacha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uitenhage ikakiendeleza hadi 2002, na katika miaka hiyo ya mwisho ikakitia injini za silinda tano zenye asili ya Audi ambazo viwanda vya Ulaya havikuwahi kuzifunga ndani ya umbo hilo.

Maana yake kwa mnunuzi ni nyepesi. Kombi ya 1998 inaweza kuwa nzuri mno, lakini si adimu, na anayeipandishia bei kwa sababu hiyo apewe pole. Zilizo adimu kweli ni zile za kabla ya 1967 zenye kioo cha mbele kilichogawanyika katikati. Mwaka 2011, katika mnada mmoja California, kombi ya 1963 yenye madirisha 23 iliuzwa kwa zaidi ya dola 200,000 za Marekani, na tangu hapo kila mwenye kombi iliyolala nyuma ya nyumba anadhani ameketi juu ya dhahabu. Bei ile ilikuwa ya madirisha 23 yaliyotoka kiwandani. Kombi ya mizigo iliyotobolewa madirisha baadaye, ikawekewa godoro na sinki, ni gari jingine, na bei yake ni nyingine.

Tuje kwenye kumbukumbu zenyewe, maana hapa Johannesburg haifanani na California. Tangazo huuza likizo: watoto nyuma, bahari ya Natal mbele, nyama motoni jioni. Likizo hiyo ilikuwa na uzio wa sheria. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma ilihalalisha fukwe, bustani na viwanja vya kambi kugawanywa kwa rangi ya ngozi, na haikufutwa hadi 1990. Ndani ya Hifadhi ya Kruger, kambi ndogo ya Balule ndiyo iliyotengwa kwa wageni Waafrika kwa miongo mingi, wakati kambi kubwa zilikuwa za Wazungu. Kwa familia nyingi za Soweto, kombi ilikuwa kazi na nauli. Sheria ya uchukuzi ya 1977 iliacha upenyo kwa gari la abiria wanane kufanya biashara ya teksi, na kombi ikapenya humo kama iliyopimiwa. Serikali ilipolegeza masharti mwaka 1987 na 1988, magari ya abiria 15, hasa Toyota HiAce, yakaisukuma pembeni. Aliyekulia kiti cha nyuma akienda kuogelea, na aliyebanwa kiti hichohicho alfajiri akienda kuosha vyombo katika nyumba za kaskazini mwa jiji, hawaoni kitu kimoja wanapoitazama kombi ya chungwa. Historia hiyo yote inastahili kutunzwa, na jiji lina mahali pa kuitunzia, Makumbusho ya Usafiri ya James Hall yaliyoanzishwa 1964 upande wa kusini. Sokoni, hamu ya zamani haifai kuwa kipimo kwa sababu kila mtu anayo yake. Chuma ni kilekile kwa wote.

Na chuma cha kombi kina tabia zinazojulikana. Hakina fremu nzito ya lori inayoweza kubeba mwili uliooza, kwa kuwa nguvu ya gari imo ndani ya mwili wenyewe, katika vizingiti vya milango, mihimili ya sakafu na mahali pa kuwekea jeki. Kutu huanzia ndani, maji yanapoingia kwa raba za vioo zilizokauka au kwa mfereji wa paa, na humtokea mwenye gari usoni miaka mingi baadaye. Kombi yenye paa la kuinuka na tundu la kutolea joto la friji ina njia za ziada za kuingiza maji, jambo ambalo matangazo hayalisemi. Fundi bodi wa kweli hukata bati lililooza, huchomelea jipya, husaga, hupaka dawa ya kuzuia kutu ndani ya mihimili, ndipo hufikia rangi. Fundi wa haraka hujaza puti, husugua na kupuliza rangi, na kwa mwaka mmoja magari yote mawili hufanana. Tofauti ya gharama kati yao ni kubwa kuliko bei ya injini, maana saa za kazi ya bati ndizo zinazokula fedha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali ichukuliwe kama ilivyo: gari lipandishwe, tochi iingie chini, na sumaku ndogo ipitishwe juu ya madigadi na vizingiti. Pale sumaku isiposhika, kuna puti nene au kitu kingine kisicho bati.

Wapo wanaosema hofu ya kutu ni ya watu wa pwani, na kwamba nyanda za juu za Gauteng, zenye majira ya baridi makavu, zimehifadhi magari haya vizuri. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Uingereza, ambako nako usukani uko kulia, wapenzi wa kombi wamekuwa wakinunua za Afrika Kusini kwa sababu hiyohiyo. Lakini gari lina magurudumu. Kombi inayouzwa Randburg leo huenda iliishi Durban au Port Elizabeth kwa miaka ishirini ikila chumvi, na hewa kavu ya Johannesburg haiponyi kilichokwisha kuliwa. Isitoshe, mvua za mawe za kiangazi hupiga mapaa ya jiji hili mara kwa mara, na baadhi ya rangi mpya unazoziona huenda zimefunika mabonde ya mawe hayo.

Injini nayo ina jambo lake la Johannesburg. Jiji liko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia moja. Ile 1600 inayopozwa kwa hewa, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi wapatao 50, hapa inabaki na kama 41, na kwa hizo inatakiwa kubeba kitanda, kabati, maji, gesi na watu wanne. Ikirudi kutoka Durban ikiwa imejaa, inapanda mlima wa Van Reenen kwa gia ya chini, joto likiongezeka, na katika injini za zamani za aina hii silinda namba 3 ndiyo huungua kwanza kwa sababu kipozea mafuta kinaizibia upepo. Kwa hiyo muuzaji anayesema injini "imefunguliwa yote" aonyeshe ni nini kilichobadilishwa. Mipira ya mafuta iulizwe kwa jina, maana mipira iliyokauka juu ya injini ya moto imeteketeza kombi nyingi duniani, na bloki ya 1600 imetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, ambayo ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji. Jiko la gesi nalo linahitaji cheti cha fundi wa gesi aliyesajiliwa. Kulala usiku mzima ndani ya sanduku la bati lenye mtungi ni jambo la kupimwa, pazia za drafti ziwe nzuri namna gani.

Hapa wanazuoni wa kombi hupinga. Kwao, gari lililotiwa injini ya aina nyingine limepoteza asili, na thamani yake imekwenda. Nawaelewa kwa zile za madirisha mengi. Kwa nyingine zote, kiwanda chenyewe cha Uitenhage kilikwisha kuwajibu kilipochukua injini ya Audi na kuipachika nyuma ya kombi kwa karibu muongo mzima. Mabadiliko yaliyofanywa vizuri na kuandikishwa ni sehemu ya historia ya gari la nchi hii. Ubaya uko kwenye yasiyoandikishwa. Afrika Kusini, injini ikibadilishwa namba yake lazima ibadilishwe kwenye usajili, na polisi hulikagua gari kwanza. Hati ya usajili pia huonyesha hadhi ya gari: 2 ni lililotumika, 3 ni lililojengwa upya baada ya kufutwa. Neno "limefufuliwa" kwenye tangazo na namba 3 kwenye hati ni mambo mawili tofauti, na la pili hushusha bei hata rangi ikiwa safi kama kioo.

Hoja nzito zaidi ya upinzani inahusu mafundi. Kudai risiti na picha, wanasema, ni kuwanyima kazi mafundi wa gereji ndogo, wengi wao wahamiaji kutoka Kongo, Zimbabwe na Msumbiji, ambao mikono yao haina mpinzani ila hawana kitabu cha risiti. Hoja hii haina budi kuheshimiwa, lakini ushahidi ninaoudai haumzuii mtu wa aina hiyo. Picha ya simu ya kizingiti kilichokatwa, nyingine ya bati jipya kabla ya rangi, na bati bovu lenyewe likiwa limehifadhiwa kwenye boksi, ni ushahidi mzito kuliko karatasi yenye nembo. Anayepata hasara bila ushahidi ni huyohuyo fundi mwaminifu, kwa kuwa soko lisiloweza kutofautisha kazi yake na puti humlipa bei ya puti.

Sheria haitamwokoa mnunuzi mvivu. Akinunua kwa mfanyabiashara wa magari, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2008 inampa miezi sita ya kudai kasoro zirekebishwe, abadilishiwe au arudishiwe fedha. Akinunua kwa mtu binafsi anayeuza gari lake tu, ulinzi huo haupo, na mkataba huwa na neno la Kiholanzi voetstoots: lichukue lilivyo. Muuzaji aliyejua kasoro akaificha hawezi kujikinga nyuma ya neno hilo, ila mnunuzi ndiye wa kuthibitisha kwamba alijua. Cheti cha ubora wa barabarani, kinachotakiwa gari linapobadilisha mmiliki, hupima breki, taa, matairi na usukani. Hakipimi unene wa puti.

Na kuhusu kuinunua kama kitega uchumi, au kuipeleka nyumbani Afrika Mashariki: Kenya haipokei gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, na Tanzania hutoza magari makuukuu ushuru wa ziada. Anayetaka kuiendesha kutoka Johannesburg kupitia daraja la Kazungula hadi Tunduma na kuendelea Dar es Salaam anaweza kufanya hivyo kama msafiri, kwa karatasi za forodha za muda, kisha airudishe. Kitega uchumi kinachohitaji banda, bima na fundi kila mwaka si akiba, ni mapenzi, na mapenzi hayana ubaya mradi mtu ajue anayalipia.

Basi, msomaji, kabla ya kutoa malipo ya awali, soma namba ya injini na namba ya chesisi kwa macho yako, ulinganishe na hati ya usajili, kisha omba picha za bati kabla ya rangi. Namba zikigongana bila karatasi ya polisi, ondoka. Picha zisipokuwepo, toa bei ya kombi ambayo haijafufuliwa, na usione haya kuitaja.